Fisi Naye Aseme

Sogeeni hapa, wajomba zangu. Ukilala kijijini Magu, usiku unaweza kusikia sauti nje ya ua wa minyaa. Inaanzia chini, inapanda juu: uuuu-ip! Huyo ni fisi.

Anamwita nani, mjomba?

Ee, hilo ndilo swali! Anawaita ndugu zake. Kila fisi ana sauti yake, na nduguze wanaitambua hata akiwa mbali, kilomita kadhaa. Na kile kicheko? Si kicheko. Hulia vile akiwa na wasiwasi, pengine wenzake wanamnyang'anya mfupa.

Kwenye hadithi fisi hana bahati. Huko Marekani ujanja kapewa koyote, jamaa wa mbwa. Kwetu ujanja kapewa sungura. Fisi je? Kapewa ulafi. Alifika njia panda akanusa nyama pande zote mbili. Mguu huu huku, mguu huu kule, akapasuka msamba! Ndiyo maana wazee husema njia mbili zilimshinda fisi. Usukumani wako wanaosema wachawi humpanda usiku. Humpanda! Mimi punda tu hunitoa jasho.

Leo tumwache mwenyewe aseme.

"Mifupa nakula, sikatai," anasema fisi. "Naivunja kwa taya, inasagika tumboni, ndiyo maana mavi yangu meupe. Lakini kila siku mwizi ni mimi?"

Mjomba, si anakula makombo ya simba?

Hodari wewe, umeshika hadithi vizuri. Watu wengi walidhani hivyo. Walifika porini asubuhi, wakakuta simba anakula, fisi wamekaa kando wanangoja. Sasa niambie: ukiingia uani ukakuta kaka mkubwa kakumbatia sufuria na mdogo ananung'unika pembeni, utajuaje nani alipika?

Miaka ya 1960 mtafiti mmoja Mholanzi, Hans Kruuk, hakungoja asubuhi. Kule Serengeti na Ngorongoro aliwafuata fisi usiku, kwenye mbalamwezi. Akaona nini? Fisi wanamkimbiza nyumbu wenyewe. Wanamwangusha wenyewe. Wanapiga kelele za shangwe, simba anasikia, anakuja, anawafukuza. Ngorongoro ilikuwa hivyo mara nyingi. Jua likichomoza, mwenye nyama ni simba.

"Mmesikia?" anasema fisi. "Tena kwetu mkuu ni mama. Jike ni mkubwa kuliko dume, naye hula kwanza. Dume husubiri. Na watoto wetu huzaliwa macho yakiwa wazi."

Macho wazi siku ileile?

Siku ileile! Paka wako je, alikaa siku ngapi hajafumbua? Nenda kamuulize bibi.

Basi mjomba, kama fisi si mwizi, leo tusifunge zizi?

Funga! Funga sana, na miba uongeze. Aliyemweza nyumbu, mbuzi wa bibi atamshinda nini?