Fahamu: Juba ya Kati, mkoa wa Somalia ambao serikali haiufikii

Kwenye karatasi, Bu'aale ndio mji mkuu wa jimbo la Jubaland. Lakini rais wa jimbo, Ahmed Madobe, anatawalia Kismayo, kwa kuwa mkoa wa Juba ya Kati, pamoja na wilaya zake za Bu'aale, Jilib na Sakow, umeshikwa na al-Shabaab kwa miaka mingi.

Uhai wa mkoa ni mto.

Juba hushuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, na kingoni mwake hulimwa mahindi na ufuta. Wakulima wengi ni Wabantu. Baadhi yao, hasa upande wa Jilib, wangali wanazungumza Kizigua, kwani mababu zao walipelekwa huko utumwani karne ya 19. Waliokimbia vita vya 1991 hadi Handeni, Tanga, waliikuta lugha hiyohiyo sokoni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania.