Kushindwa, Kufungwa na Kunyukwa

Katika zoezi la uandishi wa habari za michezo, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kabla ya mwaka 1978 timu yetu ya taifa, Cranes, "ilikuwa ikinyukwa tu" katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Je, kauli hiyo ni sahihi? Tutazame kumbukumbu kwanza, kisha lugha.

Cranes ilicheza fainali za 1962, 1968, 1974 na 1976. Katika mechi 11 haikushinda hata moja. Ilitoka sare mara moja, 2-2 na Ivory Coast mwaka 1974, na mechi 10 zilizobaki ilipoteza. Hata hivyo, saba kati ya hizo ilipoteza kwa tofauti ya bao moja. Misri iliifunga 2-1 mara tatu (1962, 1974 na 1976). Ethiopia na Ivory Coast ziliifunga 2-1 mwaka 1968, Zambia 1-0 mwaka 1974, na Guinea 2-1 mwaka 1976. Waliozidi hapo ni Tunisia 3-0 (1962), Aljeria 4-0 (1968) na Ethiopia 2-0 (1976).

Sasa tuje kwenye vitenzi. "Kufungwa" huhesabu mabao: "Uganda ilifungwa 2-1 na Misri." Hakisemi mchezo ulikuwaje.

"Kushindwa" kina maana mbili. Kikifuatwa na "na" pamoja na mtenda, maana yake ni kuzidiwa: "ilishindwa na Zambia." Kikifuatwa na kitenzi-jina, maana yake ni kutoweza: "ilishindwa kusawazisha." Luganda hutenganisha maana hizi kwa maneno mawili, okuwangulwa na okulemererwa, na ndiyo sababu wanafunzi wetu wengi hujikwaa hapa.

"Kunyukwa", sawa na "kutandikwa" na "kucharazwa", ni lugha ya kipigo. Humwambia msomaji kwamba timu ilizidiwa kabisa. Kwa 4-0 ya Aljeria kinafaa. Kwa 2-1 hakifai.

Tofauti hii si ndogo. Mwaka 1978 nchini Ghana, Cranes ilifungwa na Tunisia 3-1, lakini iliifunga Kongo 3-1 na Moroko 3-0, kisha Nigeria 2-1 katika nusu fainali. Ikafika fainali na kushindwa na wenyeji 2-0. Anayeamini kwamba timu hiyo ilikuwa ikinyukwa tu ataona mwaka huo kama muujiza. Anayejua kwamba mara saba ilikosa sare kwa bao moja ataelewa kuwa haikuwa mbali na ushindi.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuchagua kitenzi, hesabu mabao. Wachezaji wale walishindwa, na hilo tuliandike bila kuficha. Tusiwaongezee kipigo ambacho hawakupigwa.