Ruzuku ya Karo Marekani na Masharti Yake

Majimbo mengi ya Marekani huwapa wanafunzi wa vyuo ruzuku ya karo, yaani fedha ambazo, tofauti na mkopo wa Bodi ya Mikopo unaofahamika kwa Watanzania, hazirejeshwi baada ya masomo. Wanasiasa hupenda kuzisifu kwa wingi wa vijana wanaoingia chuoni, ilhali kipimo kizito zaidi ni kiwango cha kuhitimu, ambacho kwa kawaida huonyesha ni wangapi kati ya walioanza shahada ya kwanza pamoja waliomaliza ndani ya miaka 6.

Kwamba fedha husaidia si jambo la kubishaniwa sana. Watafiti Benjamin Castleman na Bridget Terry Long, waliolinganisha vijana wa Florida ambao uwezo wa familia zao ulikuwa juu kidogo au chini kidogo ya kikomo cha kustahili, walikuta kwamba ruzuku ya dola 1,300 iliongeza uwezekano wa kupata shahada ndani ya muda huo kwa asilimia 22.

Mambo hugeuka pale ruzuku inapofungamanishwa na masharti. Mpango wa PROMISE wa West Virginia, ulioanza mwaka 2002, ulimtaka mwanafunzi akamilishe krediti 30 kila mwaka, krediti ikiwa kipimo cha uzito wa somo. Na kwa kuwa shahada hudai krediti 120 hivi, aliyetimiza sharti hilo alimaliza kwa miaka 4. Mtafiti Judith Scott-Clayton alionyesha kwamba bidii ya kutimiza sharti hilo ilidumu miaka 3 ya mwanzo, ikatoweka katika mwaka wa 4, ambapo fedha ziliendelea kutolewa lakini hapakuwa tena na ruzuku ya mwaka unaofuata ya kupigania.

Massachusetts ilipata matokeo mabaya zaidi. Tuzo ya Adams, iliyotolewa kwa waliofaulu vizuri mitihani ya jimbo, ilifuta karo katika vyuo vya umma vya jimbo hilo, lakini si michango mingine ya lazima, ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama. Kwa unafuu huo mdogo, baadhi ya vijana waliacha vyuo bora zaidi walivyoweza kujiunga navyo, na Sarah Cohodes na Joshua Goodman walibaini kwamba uwezekano wao wa kuhitimu ulishuka, kwa kuwa vyuo walivyovikimbilia vilikuwa na uwezo mdogo wa kuwafikisha wanafunzi wao mwisho wa masomo.