Bustani za wanyama: Somo la chura wa Kihansi

MSAFIRI apitaye Nanganga kuelekea Masasi hahitaji bustani ya wanyama ili amwone tembo. Mbele ya Masasi, kando ya Mto Ruvuma, lipo Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, ambako tembo huishi huru. Je, bustani zina kazi gani zaidi ya kuburudisha watazamaji?

Jibu limo katika historia ya chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Chura huyo, ambaye huzaa badala ya kutaga mayai, alitegemea manyunyu ya maporomoko ya maji. Bwawa la kufua umeme lilipoanza kazi, manyunyu hayo yalipungua mno.

Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na bustani za Bronx na Toledo zikafanikiwa kuwazalisha. Mwaka 2003 waliobaki Kihansi walipungua ghafla, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa wametoweka porini.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa Kihansi, ambako mitambo ya kunyunyiza maji ilikuwa imewekwa.

Bustani, basi, ni kimbilio la muda. Ziliokoa kizazi cha chura, lakini bila korongo kutunzwa asingekuwa na pa kurudi. Tembo wa Ruvuma naye hulindwa kwanza kwa kulinda pori lake.