Kunasa Si Kazi, Kazi Kuachia

Anayetaka kujua mhudumu wa kituo cha mafuta anavuta benzini kiasi gani humbandikia kibomba cha kioo karibu na ukosi wa shati na pampu ndogo kiunoni. Pampu ikivuta mililita 50 kwa dakika, zamu ya saa 8 ni lita 24 za hewa. Kinachobaki ni kuamua kioo kijazwe nini.

Wengi huchagua kinachonasa zaidi, na hapo ndipo hesabu huharibika. Mvuke ulionaswa ukigoma kutoka kwenye kibomba ukifika maabara, mashine ya kromatografia inayoupima haiusomi kabisa.

Tenax TA, polima isiyopenda maji, huachia kirahisi ikipashwa joto. Lakini gramu yake ina uso wa mita za mraba 35 hivi tu, na benzini huiponyoka baada ya lita chache. Tena, ikikutana na ozoni hutoa yenyewe benzaldehidi na asetofenoni: shahidi anayejitungia ushahidi.

Mkaa ulioamilishwa, wenye uso wa mita za mraba 1,000 hivi kwa gramu, hushika benzini barabara. Kuing'oa huhitaji kaboni disulfidi, kimiminika chenye sumu kwa neva, ambacho mvuke wake waweza kuwaka kwa kugusa bomba la moto tu. Wanakemia huiita njia ya kawaida. Mkaa huoshwa kwa mililita moja, na mashine ikapewa mikrolita moja, yaani sehemu moja ya 1,000. Benzini hafifu ya sebuleni hupotelea hapo. Huko afadhali kujaza kaboni ya grafiti, inayoachia kwa joto.

Kibomba cha kawaida kina miligramu 100 za mkaa mbele na 50 nyuma, katikati sponji. Nyuma kukikutwa zaidi ya asilimia 10 ya kilichopo mbele, huenda benzini imepita na nyingine imepotea. Unyevunyevu wa Dar es Salaam au Mombasa huzidisha hatari hiyo, kwa kuwa maji nayo hugombea nafasi kwenye mkaa. Mahali hapo hupunguzwa lita, hata kama mteja amelipia zamu nzima.

Kwa mhudumu wa pampu, ambaye benzini yake si hafifu kama ya sebuleni, basi, nachagua mkaa. Na ripoti isiyotaja lita zilizovutwa na kilichokutwa sehemu ya nyuma, irudishwe ilikotoka.