Gia ya Pili Isikuchomee Picha

Cheki hii: umekalia Datsun 240Z, mbogi yote iko base, silinda sita zinaimba, luku imeweza. Alafu unadunga gia ya pili. KRRRR! Mtaa wote umegeuka. Aibu hiyo haioshwi na rims.

Na hii si ndai ya kuonewa. Ilibeba Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta. Matope, mawe, vumbi, na ikafika. Sasa yako inalia Thika Road, kwa lami? Zii, buda.

Mbuyu atakushow umwage oili nzito. Mzae wa jirani atakushow upige dabo klachi ka enzi zao. Wawachie kahawa yao. Hizo ni za kuficha kelele, chuma bado inakulwa.

Kwanza skiza ndai. Ikinguruma kwa nyutro, alafu ukikanyaga klachi inanyamaza, shuku beringi za shafti ya kuingia ama ya chini. Ka boksi yako ni ya gia nne, na inalia moja hadi tatu alafu nne inatulia, shafti ya chini ndio mchokozi: kwa nne nguvu inapita straight, hiyo shafti inazunguka tu bila mzigo. Ka ni KRRRR peke yake, na klachi inaachia poa, hiyo ni sinkro.

Mwaga oili kwa beseni safi. Unga wa rangi ya dhahabu? Sinkro zimesagika. Vipande vya chuma? Hayo ni meno, anza kutafuta ganji.

Sasa fungua. Raha ya boksi ya Datsun ni hii: nyumba inavuliwa mbele na nyuma, gia zote zinabaki zimeshikwa na plate ya katikati, uchi kabisa, unaona kila kitu. Lakini kuna gololi na springi zinashikilia zile rod za gia. Funika na kitambaa ukitoa, ju zikiruka utalala chini ya meza ukizisaka na tochi ya simu.

Chukua ring ya sinkro, iweke kwa koni ya gia, ifinye na vidole, jaribu kuizungusha. Ikigoma, iko fiti. Ikiteleza ka samaki, imeenda. Alafu pima mwanya kati ya ring na meno ya gia na fila geji, ulinganishe na kitabu ya Datsun. Mwanya ukikonda, ring imezama, haifungi tena koni. Cheki pia ncha za meno madogo: zinafaa kuwa kali. Zikiviringika, ring mpya peke yake haikusaidii.

Beringi ni namba tu, utazisaka Kirinyaga Road zipatikane. Sinkro za Z ndio noma. Zinaitishwa ng'ambo, na ukiongeza usafiri na ushuru, mfuko unalia KRRRR pia. Lipa tu. Kubadilisha beringi na kuwacha sinkro mbovu ndani ni kulipa fundi mara mbili.

Oili? GL-4, manze. Kuna GL-5 zenye dawa ya kula hizo ring za brasi, na jamaa wa duka atakushow zote ni sawa. Soma kopo mwenyewe. Na hiyo oili ya kwanza uimwage mapema, ju vyuma vipya vikizoeana vinatoa unga.

Rims zingoje end month.