Nani Mwenye Haki ya Kuitisha Kura?

Tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walitoa hukumu kwa kauli moja: Bunge la Scotland halina mamlaka ya kutunga sheria ya kuitisha kura ya maoni kuhusu uhuru wa Scotland, isipokuwa Bunge la Westminster, jijini London, liridhie. Hata kura ya ushauri tu, isiyo na nguvu ya kisheria, hairuhusiwi, kwa kuwa inaugusa Muungano wenyewe, na Muungano ni jambo lililobaki chini ya Westminster. Kisheria shauri liliishia hapo. Kisiasa swali ndilo kwanza lilianza kuuma: ikiwa Muungano huu ni wa hiari, kama viongozi wa pande zote wanavyosema, hiari hiyo inapimwaje, na nani anaamua wakati wa kuipima?

Ugatuzi ulioanza mwaka 1999 umeleta mema mengi Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Lakini uligawa madaraka bila kuyawekea kinga, na kwa Scotland uliacha swali la kujitoa bila utaratibu wowote. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Muungano huu, na hautaondoka kwa kunyamaziwa.

Waliingia kwa milango tofauti

Katika makala haya, Uingereza ni dola nzima, na England ni nchi moja kati ya nne zilizomo. Nchi hizo hazikuungana siku moja wala kwa masharti yaleyale. Wales iliingizwa kwa sheria za Mfalme Henry VIII za 1536 na 1543. Ireland iliingia 1801. Sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922, zikabaki kaunti sita za kaskazini. Kwa hiyo anayedhani Muungano huu haujawahi kupungua amesahau historia yake.

Scotland ina kisa cha peke yake. Tangu 1603 ilikuwa na mfalme mmoja na England, lakini kila nchi ilikuwa na bunge lake. Mwishoni mwa karne ya 17 Waskoti walizamisha fedha nyingi katika jaribio la kuanzisha koloni huko Darien, Panama, na mradi ukafa. Hali hiyo ilichangia Bunge la Scotland kukubali mkataba ulioanza kutumika tarehe 1 Mei 1707. Bunge hilo lilijivunja, Scotland ikapewa viti 45 katika Bunge la Makabwela la London, pamoja na nafasi ya kufanya biashara na England na makoloni yake. Kwa upande wake ilibaki na sheria zake, mahakama zake na kanisa lake, na mambo hayo yapo hadi leo. Ndiyo maana Mskoti, hata yule anayeupenda Muungano, huuona kuwa mapatano ya nchi mbili, wakati watu wengi wa England huuona kuwa dola moja tu yenye majimbo.

Madaraka yalivyogawanywa

Kura ya maoni ya kwanza ya kurudisha bunge Scotland ilifanyika Machi 1979. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa asilimia 51.6, lakini sheria ilidai wafike asilimia 40 ya wapigakura wote walioandikishwa, nao walikuwa kama theluthi moja tu. Mpango ukaanguka. Septemba 1997 watu waliulizwa tena. Scotland ilikubali kwa asilimia 74.3. Wales ilikubali kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu. Mwaka uliofuata, Mkataba wa Ijumaa Kuu ukaweka msingi wa serikali ya pamoja Ireland Kaskazini baada ya miaka thelathini ya umwagaji damu.

Sheria ya Scotland ya 1998 haikuorodhesha mambo ambayo Edinburgh inapewa. Iliorodhesha yale yanayobaki London: ulinzi, mambo ya nje, sarafu, uhamiaji, katiba na mengine. Yasiyotajwa yote ni ya Scotland. Msomaji wa Tanzania atautambua mpangilio huo mara moja, kwa kuwa ndivyo orodha ya Mambo ya Muungano inavyofanya kazi kwa upande wa Zanzibar.

Matunda yake yanaonekana kwenye maisha ya kila siku. Mgonjwa wa Gretna, mji mdogo wa Scotland ulio mpakani, anachukua dawa alizoandikiwa na daktari bila kulipa hata senti. Mgonjwa wa Carlisle, mwendo mfupi wa gari upande wa England, anaulizwa dirishani kama yumo katika kundi lenye msamaha. Kama hayumo, analipia kila dawa. Kijana wa Scotland anayesoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha nchini kwake halipishwi ada, ilhali mwenzake wa England anahitimu akiwa na deni. Scotland ilipiga marufuku kuvuta sigara katika maeneo ya ndani ya umma Machi 2006, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya England. Ilipokuja korona mwaka 2020, watu wengi wa England ndipo walipogundua kwamba amri za Waziri Mkuu wao kuhusu kutoka nyumbani haziwahusu watu wa Cardiff, Wales, au wa Glasgow, Scotland.

Madaraka bila hati

Sasa tazama Sheria ya Scotland ya 1998 kwa karibu. Kifungu cha 28 kinalipa Bunge la Scotland uwezo wa kutunga sheria. Kisha, katika kifungu kidogo cha 7, sentensi moja fupi inasema kwamba hayo yote hayaathiri uwezo wa Bunge la Uingereza kuitungia Scotland sheria. Bunge la Scotland basi linaishi kama mpangaji mwenye mwenye nyumba mpole: anapanga vyombo atakavyo, anapaka rangi aipendayo, miaka inapita bila kubishiwa hodi, lakini hati ya nyumba haina jina lake.

Ili kutuliza hofu, ulikuwapo utaratibu kwamba Westminster haitatunga sheria juu ya mambo yaliyogatuliwa bila kwanza kupata ridhaa ya bunge husika, isipokuwa katika hali zisizo za kawaida. Mwaka 2016 utaratibu huo uliandikwa katika sheria. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba, hata baada ya kuandikwa, hiyo ni ahadi ya kisiasa na mahakama haziwezi kuilazimisha.

Ahadi ilipopimwa, haikuhimili. Katika kura ya Juni 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, England na Wales zilitaka kutoka. Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini kwa karibu asilimia 56. Januari 2020 mabunge yote matatu, la Scotland, la Wales na la Ireland Kaskazini, yalikataa kuridhia sheria ya kujitoa. Westminster iliipitisha vivyo hivyo. Miaka mitatu baadaye serikali ya London ilizuia, kwa mara ya kwanza, muswada uliokwisha kupitishwa na Bunge la Scotland, ule wa kubadili jinsia katika kumbukumbu za kiserikali. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia muswada huo. Cha kuangaliwa ni kwamba uwezo wa kuuzuia ulikuwapo tangu mwanzo.

England isiyo na bunge lake

Chanzo cha tatizo ni ukubwa wa England, yenye zaidi ya watu wanane katika kila kumi wa Uingereza. Haina bunge lake wala serikali yake. Mambo yake yanaendeshwa na serikali ya Muungano. Mwaka 2004 wakazi wa kaskazini-mashariki mwa England waliulizwa kama wanataka baraza lao la kanda, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura wakakataa. Hivyo Westminster inavaa kofia mbili, na mwenye nchi ndogo hajui kama amri iliyomfikia imetoka kwa Muungano au kwa England.

Tanzania inaijua hali hii kutoka ndani. Mapatano ya Aprili 1964 yaliiachia Zanzibar serikali yake, na mambo ya Tanganyika yakawa chini ya Serikali ya Muungano. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11, leo ni 22, na manung'uniko ya Wazanzibari juu ya ongezeko hilo ni ya miaka mingi. Ndiyo maana Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu katika rasimu zake za katiba. Pendekezo hilo halikupita, lakini uchunguzi wake wa ugonjwa ulikuwa sahihi: mshirika mkubwa akikosa chombo chake mwenyewe, mdogo huona kila chombo cha pamoja kuwa cha mkubwa.

Njia iliyoandikwa na njia isiyoandikwa

Kuhusu kujitoa, Uingereza ina sheria mbili zisizofanana. Ireland Kaskazini inayo njia. Sheria ya Ireland Kaskazini ya 1998 inamtaka waziri wa London anayehusika na eneo hilo aitishe kura iwapo ataona kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wangechagua kuungana na Jamhuri ya Ireland. Kura ikishapigwa, nyingine haiwezi kufanyika kabla ya miaka saba. Utaratibu huo una upungufu, kwa kuwa vigezo vya waziri kuona hivyo havikuandikwa. Lakini upo. Februari 2024 Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland moja, akawa Waziri Kiongozi wa kwanza wa upande huo, na serikali ya pamoja ikarejea kazini. Watu wakijua kwamba ipo njia halali ya kufikia wanalolitaka, wanaweza kungoja.

Scotland haina njia hiyo. Mwaka 2014 ilipata kura kwa sababu Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, na Waziri Kiongozi wa Scotland, Alex Salmond, walikubaliana, na London ikaiazimisha Scotland mamlaka kwa muda. Karatasi ya kura ilikuwa na swali moja la wazi: je, Scotland iwe nchi huru? Vijana wa miaka 16 waliruhusiwa kupiga kura. Kigezo kilikuwa ukaazi, si damu: Mkenya au Mtanzania aliyekuwa akiishi kihalali Glasgow na kujiandikisha, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola, alipiga kura, Mskoti aliyehamia London hakupiga. Walijitokeza asilimia 84.6 ya walioandikishwa. Asilimia 55.3 walisema hapana, na walioshindwa walikubali matokeo.

Tangu hapo vyama vya uhuru vilipata wingi wa wabunge katika Bunge la Scotland mwaka 2016 na 2021, vikaomba kura nyingine na kunyimwa. Kisha uchaguzi mkuu wa 2024 ukakiangusha SNP, chama kikuu cha uhuru, kutoka viti 48 hadi 9 huko Westminster. Wapo waliosema suala limekwisha. Sikubaliani nao, kwani uchunguzi wa maoni umeendelea kuonyesha karibu nusu ya Waskoti wakitaka uhuru, hata pale chama kinachoubeba kinapochokwa.

Wanaopinga kura ya mara kwa mara wana hoja ya haki. Nchi haiwezi kuishi ikiulizwa kila msimu kama iendelee kuwapo. Sehemu kubwa zaidi ya biashara ya Scotland nje ya mipaka yake ni na majirani wa Muungano huohuo, na watetezi wa uhuru hawajatoa jibu la kuridhisha kuhusu sarafu au mpaka na England. Lakini hizo ni hoja za kupeleka kwa wapigakura. Hazimpi mtu ruhusa ya kuwanyima kura.

Kanada ilikwisha kupita huko. Mwaka 1995, katika kura ya kujitoa, jimbo la Quebec lilibaki kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema jimbo halina haki ya kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, lakini likipata wingi ulio wazi juu ya swali lililo wazi, pande zote zina wajibu wa kujadiliana. Quebec bado imo Kanada.

Uingereza inapaswa kufanya mambo matatu. Kwanza, ridhaa ya mabunge yaliyogatuliwa iwe sharti linaloweza kudaiwa mahakamani. Pili, iandikwe sheria inayosema Scotland na Wales zinaweza kuitisha kura ya maoni kwa masharti gani, na baada ya miaka mingapi zinaweza kuirudia. Tatu, watu wa England waulizwe wanataka kutawaliwaje, wao kama England. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloamua kama Scotland iondoke au ibaki. Uamuzi huo ni wa wanaoishi Scotland. Mimi ningependa Muungano ubaki kwa kuchaguliwa na watu wake, na hilo haliwezekani bila sheria inayowaruhusu kuchagua.